Kompyuta Inapochemka Pwani: Joto Limekwama Wapi?

Ilikuwa mwezi wa pili, saa nane mchana, pepo za kaskazi zikielekea ukingoni na hewa imesimama. Frateri mmoja wa mwaka wa tatu aliingia katika chumba cha kompyuta akiwa amekumbatia mashine yake kwa mikono miwili, kama mtu anayempeleka mtoto zahanati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, frateri. Kulikoni?"

"Inajizima yenyewe. Nikiiwasha inafanya kazi kama dakika ishirini, halafu giza. Ukiishika chini inaunguza."

Sura ya tatu ya tasnifu yake ilitakiwa kwa msimamizi siku ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilimuuliza nakala nyingine ya kazi hiyo iko wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema iko humo humo ndani.

Basi somo letu linaanzia hapo, mpendwa msomaji, kabla hata ya kugusa bisibisi. Kompyuta inayojizima kwa joto hukatika ghafla. Haina muda wa kufunga mafaili yake, na faili lililokuwa likiandikwa sekunde ile ndilo lililo hatarini kuharibika. Tuliiacha ipoe, tukaiwasha, na kazi ya kwanza ikawa kunakili tasnifu nzima kwenye flashi, kisha kuituma kwenye barua pepe yake mwenyewe. Ilichukua dakika nne. Baada ya hapo tuliweza kuzungumza kama watu wasiokimbizwa.

Frateri huyu anatoka Njombe. Kilichomkera kuliko joto lenyewe ni hiki: "Mwalimu, likizo nzima nilikuwa naandika nyumbani kutwa, haijawahi kunizimikia hata mara moja. Nimerudi Bagamoyo wiki mbili tu. Imepatwa na nini?"

Swali hilo ndilo nimeliandikia makala hii, kwa sababu nimelisikia kwa wengi wanaoshuka pwani kutoka Njombe, Mbulu au Karagwe.

Feni haileti baridi

Wengi wetu tunadhani feni iliyo ndani ya kompyuta hufanya kazi kama friji. Ndani ya kompyuta mpakato hakuna kitu chochote kinachotengeneza baridi. Kilichopo ni njia ya kulitoa joto nje. Prosesa, yaani chipu inayofanya mahesabu yote, katika mashine nyingi za kazi za ofisi hutumia wati 15 hivi, na ikibanwa na kazi huruka juu ya hapo kwa muda. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto, tena juu ya eneo lisilozidi sana ukucha wa kidole gumba. Juu ya chipu hiyo hupakwa pesti nyembamba ya kupitisha joto, juu ya pesti kuna bamba la shaba, na kwenye bamba umeungwa mrija bapa wa shaba. Mrija huo una siri yake. Hewa imeondolewa ndani, yakaachwa maji kidogo sana. Upande wa chipu maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa pili, huko hupoa na kuwa maji tena, kisha maji hurudi yalikotoka. Mwishoni mwa mrija kuna vibapa vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kati ya meno hayo, na hewa hutoka na joto ubavuni au nyuma ya mashine.

Hewa hiyo inayolibeba joto ni hewa ya chumba chako. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya 32. Hesabu yote huanzia hapo na kupanda.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani hulichanganya, na mimi nililichanganya kwa miaka. Tunasema, "Leo kuna joto la unyevu, hata kompyuta inateseka." Mwili wako na kompyuta yako haviteseki kwa namna moja. Wewe hupoa kwa jasho kukauka, na katika hewa ya Bagamoyo iliyojaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu. Mtungi wa udongo una tabia hiyo hiyo: Dodoma, penye hewa kavu, maji ya mtungini hupoa sana kwa sababu unyevu unaopenya kwenye udongo hukauka haraka, hapa kwetu mtungi huohuo hupoza kidogo. Kompyuta haitoi jasho. Kwake nyuzi 32 zenye unyevu na nyuzi 32 kavu ni karibu sawasawa kwa siku hiyo ya leo. Unyevu huidhuru kwa njia nyingine, polepole, na nitaufikia baadaye kidogo.

Turudi kwa swali la frateri. Tuseme mashine yake, ikifanya kazi nzito, prosesa hupanda nyuzi 70 juu ya hewa ya chumba. Nyumbani Njombe, katika chumba cha nyuzi 18, prosesa itafika 88. Ni moto, lakini inafanya kazi. Mlete Bagamoyo katika chumba cha nyuzi 32, na hesabu inasema 102. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zimewekewa ukomo wa nyuzi 100. Zikiukaribia hujipunguza mwendo ili zipoe, ndiyo maana kabla ya kuzima utaona maandishi yanachelewa nyuma ya vidole vyako. Na joto likizidi kupanda hata baada ya hapo, mashine hujikatia umeme ili isiungue.

Mashine yake, basi, iliugua kabla ya kupanda basi la kushuka pwani. Kupanda nyuzi 70 juu ya hewa kwa kazi ya kuandika na kusoma ni kwingi mno, na mashine safi haifiki huko. Baridi ya Njombe ilikuwa inaificha homa. Hivyo asitafute dawa ya "joto la Bagamoyo", ambalo hawezi kuliondoa. Atafute mahali joto lilipokwama katika safari yake kutoka kwenye chipu hadi nje.

Weka mkono kwenye tundu

Zipo programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa kwa namba. Kwenye Windows, Core Temp na HWiNFO zinatosha kabisa, na kwenye Linux kuna amri ya "sensors". Zitumie. Lakini kipimo cha kwanza unacho mkononi. Iache mashine ifanye kazi nzito kwa dakika kumi, kisha weka kiganja mbele ya tundu la kutolea hewa.

Ukisikia hewa nyingi na ya moto sana, njia ya joto ni nzima. Tatizo ni kazi uliyoipa mashine, au hewa ya moto inazunguka na kuingia tena chini. Ukisikia hewa kidogo lakini ya moto, vumbi limeziba meno ya kitana. Ukisikia feni inapiga kelele na hewa inatoka nyingi lakini ya uvuguvugu tu, huku namba kwenye kioo zinasema 95, basi joto halifiki kwenye vibapa: pesti imekauka, au bamba la shaba limelegea juu ya chipu. Na kama husikii hewa wala mlio wowote, feni imekufa au imekwama.

Kiganja cha frateri kilisema: hewa kidogo, ya moto. Vumbi, basi. Lakini kabla ya kufungua nilimuuliza huwa anaandikia wapi.

"Kitandani, mwalimu. Jioni mbu wanakuwa wengi, naingia ndani ya chandarua."

Lugha yetu nayo imechangia kosa hili. Tumeipa mashine hii jina la "mpakato" kutokana na kupakata, kama mama anavyompakata mtoto, na kweli tunaipakata. Mashine nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini, na mapaja, shuka au godoro la sifongo huyaziba yote. Godoro huongeza ubaya mmoja zaidi, kwani ni kitu kinachozuia joto kama blanketi, hivyo hata lile joto ambalo lingetoka kupitia plastiki ya chini hurudi. Chandarua nacho hupunguza mwendo wa hewa. Wewe unalala humo na kulowa jasho, na mashine inavuta hewa ile ile iliyoipasha yenyewe.

Sikumwambia aache chandarua. Malaria ni mbaya kuliko tasnifu iliyochelewa. Nilimwambia aende kwa fundi seremala aombe kipande cha ubao kilichobaki, kipana kuliko mashine kwa kiganja kimoja kila upande, na kwenye pembe mbili za nyuma agandishe vifuniko vya chupa za soda, viwili viwili, ili mashine iinuke nyuma kidogo. Sentimita moja ya nafasi chini ya matundu hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyoamini. Zile stendi za feni zinazouzwa madukani husaidia pia, lakini mara nyingi faida yake kubwa inatokana na kuinua mashine.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa ukubwa wa nyumba, nenda katika eneo la misheni ya zamani hapa Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, uitazame nyumba ya mapadre iliyojengwa miaka ya 1870. Baraza zake za matao zinaweka kuta katika kivuli, upepo wa bahari unaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Waliojenga hawakuwa na kipoza hewa. Walijua tu kwamba joto likipewa mlango litatoka.

Kufungua na kusafisha

Kama hujawahi kufungua kompyuta, mara ya kwanza fanya pamoja na mtu aliyewahi. Zima kabisa, siyo kuifunika ilale. Chomoa chaja. Ondoa skrubu za chini na uzipange juu ya karatasi kwa umbo la mashine, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake hautofautiani kwa bahati mbaya: skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi huweza kutoboa bodi kuu. Piga picha kwa simu kila hatua. Ukishafungua, cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe.

Kati ya feni na vibapa utakuta blanketi. Sitii chumvi. Vumbi, nywele, nyuzi za shuka na chandarua hujishona pale na kuwa kitambaa kinene cha kijivu unachoweza kukivua kwa kibano kikiwa kipande kimoja. Kwa frateri kilikuwa na urefu wa kidole. Kivue chote; ukikipuliza tu kutoka nje kinarudi ndani na kukaa mlangoni upya, na hii ndiyo sababu wengi husema "nimepuliza lakini haijasaidia".

Baada ya hapo ndipo upulize, kwa bloa ndogo ya mafundi au kopo la hewa. Shikilia panga za feni kwa kijiti cha meno zisizunguke, maana feni ikizungushwa kwa upepo mkali huharibika beringi zake. Usiende kwa wajaza upepo wa matairi: mitungi yao hukusanya maji na mafuta, navyo hutoka pamoja na upepo. Usipulize kwa mdomo, utapulizia mate. Panga za feni zifute kwa mswaki mkavu.

Kama kipimo cha kiganja kilionyesha pesti imekauka, na mashine ina miaka minne au mitano, sasa ndio wakati wake. Legeza skrubu za bamba la shaba kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake, futa pesti kuukuu kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na weka mpya ya ukubwa wa punje ya mchele. Bamba lenyewe litaitandaza. Ile ya wingi hainufaishi chochote. Wapo wanaoweka dawa ya meno, na kwa siku mbili inaonekana kufanya kazi. Kisha inakauka kuwa chokaa, na sasa una ukuta mahali palipotakiwa kuwa na daraja. Na ukikuta vipande laini kama raba juu ya chipu nyingine, viache vilivyo. Pale nafasi ni pana na pesti haiwezi kuijaza.

Feni inayokwaruza fundi ataitia tone la mafuta ya cherehani. Itanyamaza kwa muda. Mimi hununua mpya.

Chumvi

Hili ndilo la kwetu hasa, tulio kati ya Kunduchi, Bagamoyo na kwenda juu hadi Saadani. Vitabu vingi vya matengenezo viliandikwa na watu wasioishi mita mia tatu kutoka baharini.

Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi. Yakikauka huacha vumbi la chumvi juu ya kila kitu. Wenye mabati wanalijua, na wenye baiskeli wanalijua zaidi. Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila mpishi wa pwani ameiona kwenye kopo lake: hewa ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 75 au zaidi, huvuta maji na kulowa yenyewe. Asubuhi nyingi hapa kwetu unyevu hupita kiwango hicho. Kwa hiyo chumvi iliyovutwa na feni na kutua kwenye bodi hulowa usiku, hukauka mchana mashine ikipata moto, hulowa tena. Maji ya chumvi hupitisha umeme na hula chuma. Ukifungua mashine na kukuta kutu ya kijani kwenye shaba au unga mweupe kwenye vibapa, umeiona. Vibapa vilivyoliwa hivyo hunasa vumbi upesi kuliko vilivyo laini.

Uifute kwa spiriti ile ile na mswaki laini, kamwe si kwa maji. Halafu hamisha meza. Najua, wote tunapenda kukaa dirisha la baharini, na mwenyewe nilikaa hapo miaka miwili hadi nilipopoteza kibodi. Kaa upande mwingine wa chumba, mahali ambapo upepo umekwisha kugonga ukuta na pazia. Wakati wa likizo ndefu usiifungie mashine kabatini miezi miwili bila kuiwasha. Mashine inayotumika hupata moto na kukausha unyevu wake, iliyolala hubaki imelowa. Kama lazima ilale, iweke katika mfuko unaofungika pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu.

Kazi isiyo ya lazima

Kuna joto ambalo tunalitengeneza wenyewe bila kujua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, panga orodha kwa matumizi ya prosesa, na utazame nani anakula. Kwa frateri tulikuta vichupo thelathini na saba vya kivinjari, viwili kati yake vikicheza video zilizonyamazishwa sauti, na programu moja ya kupakua filamu ambayo hakukumbuka kuiweka. Yote hayo yalikuwa yakimpikia prosesa wakati yeye anaandika sentensi moja.

Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, mashine nyingi zinaruhusu kupunguza kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana kama mzaha, lakini asilimia hiyo moja huzuia prosesa isijirushe kwenye mwendo wake wa kasi ya ziada, na joto hushuka mara moja. Kwa kuandika na kusoma hutaona tofauti yoyote. Kwenye mashine nyingine mpya kipengele hiki kimefichwa. Huko chagua hali ya kutunza betri.

Nikumbushe pia mfuko. Ukiifunika mashine bila kuizima, ukaitia kwenye begi na kupanda daladala ya Dar es Salaam, inaweza kuamka yenyewe njiani kutafuta masasisho. Unafika Mwenge umebeba kikaango.

Betri

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndipo tulipoishia sisi, na ndipo palipokuwa na hatari ya kweli. Tulipoondoa kifuniko cha chini, betri ya frateri ilikuwa imenyanyuka katikati kama andazi. Nikamuuliza kama kitufe cha kipanya kimekuwa kigumu kubonyeza siku hizi. Akasema ndiyo, tangu Desemba, akadhani ni uchafu.

Betri za litiamu huchoshwa na joto kuliko kitu kingine chochote cha mashine. Apple huwaambia wateja wake watumie kompyuta zao mpakato mahali penye nyuzi 10 hadi 35, na kwamba zaidi ya hapo betri inaweza kupoteza uwezo wake moja kwa moja. Sisi hukaa karibu na ukingo huo miezi kadhaa kila mwaka, hata kabla ya kuhesabu joto la mashine yenyewe. Ukiongeza tabia ya kuiacha kwenye chaja usiku kucha ikiwa imejaa, betri huzeeka mbio, na gesi huanza kujikusanya ndani ya mfuko wake. Kampuni kama Lenovo, Dell na Asus zimeweka kwenye mashine zao nyingi mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80. Uwashe.

Dalili za kuvimba ni kitufe cha kipanya kilichoinuka au kuwa kigumu, kibodi iliyotuna, kifuniko kisichofunga sawasawa, mashine inayoyumba mezani iliyokuwa imetulia. Ukiona mojawapo, acha kuchaji leo. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe upepo". Sehemu za ndani zikigusana inaweza kuwaka, na moshi wake ni sumu. Na isipewe mtu wa takataka, kwa maana mabweni mengi huchoma taka shimoni; iweke nje mbali na jengo, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mpaka ipatikane safari ya kuipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki Dar es Salaam.

Wala msidhani ni tatizo la mashine za bei rahisi. Mwaka 2006 Dell ilirudisha betri zaidi ya milioni 4 zilizotengenezwa na Sony, kwa hatari ya moto. Mwaka 2019 Apple ilirudisha betri za baadhi ya MacBook Pro za inchi 15, zilizouzwa hasa kati ya mwaka 2015 na 2017. Mashine za miaka hiyo ndizo nyingi tunazonunua Kariakoo zikiwa zimetumika Ulaya, kwa hiyo inafaa kuchukua namba iliyoandikwa chini na kuiangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Frateri alikuwa akimaliza kuandika usiku, anaiweka chini ya mto, ikiwa kwenye chaja, ndani ya chandarua, katika bweni la vitanda ishirini na vinne. Nilimweleza hivi, na ninakueleza nawe: betri ikiwaka, kwanza watu watoke, kisha kama soketi inafikika ukate umeme, kisha maji mengi. Wahudumu wa ndege nchini Marekani hufundishwa kupoza betri hizi kwa maji, kwa sababu kinachotakiwa ni kuzuia joto lisihamie kwenye seli iliyo jirani. Lakini bora zaidi ni mashine kulala mezani, imechomolewa.

Yasiyosaidia

Usiiweke kwenye friji. Nimemwona mtu akifanya hivyo. Ikitoka baridi na kukutana na hewa yetu, maji huganda juu ya bodi kama yanavyofanya kwenye chupa ya soda. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitoka nayo kwenye ofisi yenye kipoza hewa kikali, iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuiwasha. Kitambaa kibichi chini ya mashine, barafu ndani ya mfuko wa nailoni, feni kubwa ya dari inayosukumia matundu hewa yenye vumbi la siku tano: yote haya nimeyaona, na yote yalileta kazi kwa fundi.

Tulimaliza saa kumi na mbili kasoro. Tuliirudisha mashine bila betri, ikawaka kwa chaja peke yake, kama nyingi zinavyoweza. Tukaipa kazi ile ile kwa nusu saa, juu ya ubao wenye vifuniko vya soda. Prosesa ilisimama kwenye nyuzi 77, hewa ya chumba ikiwa 31. Nilimwonya kwamba sasa umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo, hivyo abonyeze Ctrl na S kila mwisho wa sentensi.

Umeme ulikatika Alhamisi, saa tatu na nusu usiku. Alipoteza sentensi moja, na aliponiletea karatasi Ijumaa asubuhi aliniambia hata hiyo haikuwa nzuri.